Bibi Harusi Asiye na Kiwiliwili

Siku ile mpumbavu alikuwa Taimoor, na yeye mwenyewe huwahi kukiri kabla wenzake wa Multan hawajamtangulia. Zipo sifa zinazomnyoosha mtu mgongo, na zipo zinazompanda kichwani. Zake zilipanda.

Kazi yake ilikuwa kuchanganya picha za kamera harusini na kuzirusha mubashara kwa ndugu walio ughaibuni. Harusi ya mtoto wa Shangazi Kulsoom aliirusha safi kama maji ya mtungi. Ghulam Rasool, kaka wa shangazi huyo na fundi bomba huko Muscat, alipiga simu ukoo mzima ukisikia: "Kijana, nimeona hadi punje ya wali kwenye ndevu za maulvi aliyefungisha ndoa! Sherehe ya hina ya binti yangu utairusha wewe."

Basi kichwa kikamvimba kama mkate wa poori kwenye mafuta. Picha safi haikumtosha tena. Akaijaza kompyuta yake programu-jalizi za madoido: ya mvua ya waridi, ya mioyo inayodunda, na moja ya kufuta kila kitu cha kijani na kuweka milima ya theluji mahali pake. Siku ilipofika, alitundika kitambaa cha kijani nyuma ya bembea ya bibi harusi, akajaribu bembea ikiwa tupu, akajipongeza.

"Bhai," Bashir mpiga kamera akamuuliza, "hivi siku ya hina bibi harusi huvaa rangi gani?"

"Wewe shika kamera. Akili niachie mimi."

Ghulam Rasool alikuwa amenyimwa likizo. Alikuwa na mapumziko mafupi tu ya kazini, na alitaka kitu kimoja: kumwona bintiye Anbreen ndani ya nguo ya hina ya marehemu mama yake, Shangazi Kulsoom akimpaka hina kwa niaba ya baba. Nguo yenyewe ilikuwa ya kijani kama kasuku.

Anbreen akaketi bembeani. Kwenye skrini kubwa ya ukumbi, na kule Muscat pia, kikaonekana kichwa kinaelea juu ya theluji, na viganja viwili vikikisindikiza kama njiwa. Watoto wakapiga mayowe.

"Kulsoom!" simu ya shangazi ikanguruma. "Mwanangu yuko wapi? Mbona naona kichwa?"

"Oye Taimoor!" shangazi akafoka. "Mrudishie mtoto mwili wake!"

Taimoor akabonyeza kuondoa theluji. Ikashuka mvua ya waridi. Akabonyeza kuondoa waridi. Mioyo ikadunda juu ya pua ya shangazi. Kompyuta, iliyolemewa na madoido kama punda aliyebebeshwa matofali ya tanuri zima, ikatii kwa kuchelewa, kisha ikaganda kabisa, kichwa cha Anbreen kikiwa kimefumba macho juu ya kilele.

"Toa hayo makorokoro!"

"Natoa, Shangazi, yanakataa!"

"Ulipoyaweka mbona hayakukataa?"

Mapumziko ya Ghulam Rasool yalikuwa yanayoyoma. Shangazi akasonya, akampigia kaka yake simu ya video, akaiegemeza simu hiyo yenye kioo kilichopasuka kwenye boksi la vitamutamu vya laddu. Hapakuwa na mlima wala ua. Akaweka jani la tambuu kwenye kiganja cha Anbreen, akatia hina juu yake. Ghulam Rasool akaitazama ile nguo, akaitazama tena. Kisha akavua kofia yake ya kazi, akajifutia uso kwa kiwiko cha ovaroli.

Taimoor akasogea, aibu na hasira zikigombea ulimi wake. "Chacha, ami yangu, mimi nilitaka kukufurahisha! Si wewe mwenyewe uliyenisifu mbele ya ukoo mzima? Leo ndio nimekuwa mjinga?"

Kule Muscat king'ora cha kazi kikalia. Ghulam Rasool akavaa kofia yake.

"Hapana, mwanangu. Mjinga ni mimi niliyekusifu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji."