Trela la Jeshi na Mabati ya Mama Mkwe

Hapo zamani, na si ile zamani ya fisi na sungura, ni zamani ya juzijuzi tu, chini ya Mlima Elgon walikuwapo wanaume watatu walioitana wanyumba, kwa kuwa walioa ndugu wa tumbo moja. Mkubwa wao alikuwa Wekulo, aliyewahi kupika katika kambi ya jeshi akarudi nyumbani na sauti ya jenerali. Wa pili Makokha, fundi wa kuchomelea vyuma. Wa tatu Sichangi, mwenye ghala la mahindi na tabasamu la kumkubalia kila mtu.

Mama mkwe wao, Mama Nabalayo, alikuwa mjane, na nyumba yake ilivuja kila chumba. Binti zake wakauza kuku, wakauza mboga, wakamnunulia mabati mapya. Mabati yakawekwa ghalani kwa Sichangi yamngoje fundi. Fundi ni nani? Makokha. Alipanda, akapima paa la mama, akashuka, akasema atarudi wiki ijayo. Wiki ijayo ya Makokha ni ndefu, jamani.

Siku hizo jeshi lilikuwa likinadi vitu vyake vikuukuu, na Wekulo akanunua trela. Trela la kijani, la magurudumu mawili, lililobeba maji ya askari mpaka likachoka. Akawaambia wanyumba wenzake kwamba watalifanya nyumba ya safari, waende ziwani wakapige kambi kama watalii. Gari la kulikokota walikuwa nalo? Hawakuwa nalo. Hata baiskeli ya Sichangi haikuwa na mnyororo.

Makokha akachomelea fremu, akatia kitanda cha kukunja, meza ya kukunja, hata sinki la kunawia uso. Wanaume ambao majumbani mwao hawajapigilia hata msumari wa kutundikia kalenda, sasa walibishana asubuhi nzima juu ya rangi ya pazia. Kila kitu kikapatikana isipokuwa paa.

Wekulo akasema, tuazime mabati ya mama, tutayarudisha. Sichangi akatabasamu, akatoa ufunguo. Makokha akayakata, akayakunja, akayapigilia. Paa likatoka zuri, nasema kweli, zuri hata la kukera.

Kisha mvua ikanyesha, na haikuwa mvua ya kuchekea. Ukuta mmoja wa Mama Nabalayo ukalainika, matandiko yakaloa chepechepe. Mama akajitwika godoro, akamkwapua kuku wake, akaenda ghalani kuuliza mabati. Akakuta mahindi. Hakuuliza tena. Aliufuata mlio wa mvua juu ya bati jipya hadi uani kwa Wekulo, akapanda trelani, akafunga mlango, akalala.

Hapo ndipo wanaume walipokwama. Kwao, mkwe haingii alipolala mama mkwe, hamgusi wala hamtazami usoni, na kitanda alichokilalia mama mkwe, mkwe hakilalii tena maisha yake yote. Safari ya ziwani ikafia pale uani. Tena mlango wa trela ulitazamana na mlango wa Wekulo, kwa hiyo jenerali wetu akawa anaingia nyumbani kwake kwa dirisha la nyuma, matako juu, watoto wakimvuta mikono. Majirani walikuja kutazama kwa zamu.

Wazee wakaitwa. Mama akasema nao kutoka nyuma ya lile pazia lililobishaniwa.

"Trela lao silitaki. Hapa ni kwa mkwe wangu, hata nikikohoa naona haya. Nataka kulala kwangu. Mabati yangu wameyakata vipande, hayawezi kurudi juu. Basi mmoja wao aezue nyumba yake, aniezekee yangu. Binti yangu na wajukuu watahamia kwangu mpaka mvua ziishe. Mwanamume abaki na kuta zake."

Wake watatu wakaafiki, tena upesi kuliko waume zao walivyotarajia.

Wekulo akasimama. "Mimi nilisema tu," akasema. "Neno langu halina makali ya kukata bati. Wangekataa."

Sichangi, tabasamu limemwishia, akasema, "Ni kweli niliwekewa, sikupewa. Lakini aliyeniomba ni mkubwa wangu, ningemnyima ufunguo kwa mdomo upi? Na trela lenyewe si langu."

Makokha akasema, "Mimi ni fundi. Nikiletewa bati, nakata."

Mzee mmoja akamuuliza kama si yeye aliyepanda kulipima paa la mama. Makokha akakubali kwamba ndiye, na ndiyo maana alijua mabati yangetosha trela.

Wazee wakatazamana, kisha wakatazama mlima, ambako wingu jingine lilikuwa limeanza kushuka. Ngazi imeletwa. Nyundo imeletwa. Mama hatoki trelani, na wale watatu kila mmoja anaitazama nyumba ya mwenzake.

Nami nawauliza ninyi mnaocheka, maana hata kwenu sikosi kuona bati la mtu: je, ngazi iegemezwe kwa nani? Kwa aliyesema, kwa aliyetoa ufunguo, au kwa aliyekata?