Chewa na Watu Waliojitolea

Nikisema bahari, semeni kubwa. Bahari!

Kubwa!

Na tumbo la Chewa?

Kubwa zaidi!

Basi sogeeni, na msinikanyage.

Mwambani, nje kidogo ya kisiwa, palikuwa na pango lenye mlango mmoja. Ndani aliishi Kaa, mdogo kama kifungo cha shati, tumbo limejaa mayai. Mlangoni alilala samaki Chewa. Akipita changu, gubu! Akipita kamba, gubu! Akipita ngisi, gubu!

Siku ya mayai kuanguliwa ikafika. Watoto wa Kaa walipaswa kutoka na maji yanayokupwa, waende bahari kuu, la sivyo wafe. Njia ni moja, na Chewa kalala njiani. Kaa aliogopa mpaka miguu ikagongana, ka-ka-ka-ka.

Juu, boti ikasimama. Mwanamvua na Mbaraka walikuja kuhesabu viumbe wa baharini.

"Mnalipwa?" nahodha akauliza.

"Hatulipwi, kaka," Mwanamvua akajibu. "Tumejitolea."

Kaa akasikia. Akaenda upande upande mpaka karibu na Chewa.

"Bwana Chewa, kuna watu wamejitolea."

"Wamejitolea?" Chewa akameza mate. "Wamejitoa wenyewe?"

"Wenyewe. Tena bila malipo."

"Wamejitoa kwa nani?"

"Hawajasema. Nadhani wanatafuta mdomo mkubwa kuliko yote. Fungua wauone, na usifunge. Ukifunga watadhani umeshiba."

Chewa akafungua. Aaaa.

"Panua, Bwana Chewa."

Aaaaaaa.

Watu wakajitosa, chubwi, chubwi. Chewa akaiona miguu yao imenona, moyo ukamwenda mbio.

Mara maji yakaingia kivuli. Akaja Potwe, papa mkubwa kuliko boti, mgongo umejaa madoa meupe. Hana haraka, hana kelele. Jamani, mimi nikimtaja Potwe nywele hunisimama. Mkia ulikwenda huku, ukaja huku, na mwamba mzima ukanyamaza. Hata Kaa alisahau hofu yake. Mwanamvua alielea tu, akilia ndani ya miwani yake ya maji, maana hakujua kama duniani kuna kitu kikubwa hivyo na kipole hivyo.

Potwe akapita. Watu wakamfuata polepole.

"Wanaondoka," Chewa akasema bila kufunga mdomo, ikasikika "aaooaa."

Kaa akaelewa. "Wanamsindikiza mgeni. Watarudi. Panua zaidi."

Chewa akapanua mpaka taya zikalia, kwaa.

Hapo Kaa akatikisa tumbo, tiki tiki tiki. Watoto wakatoka, wadogo kama vumbi, wengi hata mama yao akashangaa, wakachukuliwa na maji. Wakaingia mdomoni mwa Chewa, wakatokea kwenye matamvua yake ya kupumulia, wakaenda zao bahari kuu. Chewa aliwasikia wakimtekenya ulimi. Angefunga mdomo mara moja tu, angewameza wote.

Hakufunga. Alikuwa anawangoja watu.

Ngano yangu imezama, anayeitaka apige mbizi. Funzo lake ni subira, wanangu: chakula kikijitolea, kaa mdomo wazi ungoje. Chewa yuko pale pale mpaka leo. Na msimcheke, huenda wako njiani.