Udi wa Shekuwe

Kwa jina la Mola aliyeumba viumbe wawili wawili, akatia baina yao mapenzi na huruma. Na sala na salamu zimfikie Mtume wetu, aliyekuwa mpole kwa watu wa nyumbani mwake. Ama baada ya hayo, wanangu: leo mmemsikia bibi arusi akiagwa kwa maneno haya, "Udi haupulizwi, hungojewa," nanyi mkaniuliza asili yake. Ninyi ni watu wazima, na katika kutafuta elimu hakuna haya. Methali hii ilizaliwa hivi.

Watu wa kisa hiki ni watatu. Wa kwanza ni Shekuwe, mshona kofia, aliyemuuguza mama yake hata ujana ukampita; akaoa mvi zimeanza kuchungulia ndevuni, wala hajapata kumjua mwanamke. Wa pili ni mkewe, Mwanasiti, aliyewahi kuolewa akaachwa. Wa tatu ni Bi Rukia, kungwi wao, mwenye ulimi mkali na moyo mweupe.

Desturi ya mji ule ilikuwa maarusi hukaa ndani siku zote za fungate, na kila asubuhi kungwi huja na maji ya moto na vitumbua, akabisha hodi na kuuliza, "Je, mgeni kafika?" Akijibiwa kuwa kafika, hupiga kigelegele, na mtaa mzima ukajua kuwa mume na mke wamekuwa mwili mmoja.

Asubuhi ya kwanza Shekuwe alijibu, "Bado." Ya pili, "Bado." Kila alipomkaribia mkewe, hofu ilimshika, na mwili wake mwenyewe ukamkana. Hapo husikia tena kicheko cha wenzake wa barazani: "Shekuwe, huko hakuna kofia ya kushona, angalia usitutie aibu!" Basi hugeukia ukutani akajifanya amelala. Akanuia moyoni kwamba fungate ikiisha naye yu hali hiyo, atampa Mwanasiti talaka yake kwa wema, apate mume asiye na walakini. Azma hiyo ilimchoma, kwani alikwisha kumpenda.

Alasiri moja Bi Rukia akapenyeza mlangoni chetezo chenye makaa, pamoja na udi wa kufukiza.

"Haya, bwana arusi! Mfukizie mwenzio. Nami leo sibanduki hapa nje hata nisikie la heri. Kigelegele kimenikwama kooni kama mwiba wa samaki!"

Shekuwe alikipokea chetezo kama mtu aliyesomewa hukumu. Makaa ndiyo kwanza yameshika moto. Ajuaye kufukiza hungoja kaa livae jivu jeupe, ndipo aweke kipande kidogo cha udi. Yeye, masikio yote yako mlangoni, aliumimina udi wote, akainama, akapuliza. Akapuliza tena kwa nguvu. Udi ukashika moto, moshi ukatanda chumba kizima, na majivu yakamrukia usoni.

Mwanasiti alikimbilia dirisha akalifungua, huku akikohoa. Alipogeuka akamwona mumewe katika kanzu yake mpya, ndevu zimejaa majivu, alicheka hata akakaa chini.

"Nicheke, bibi. Ni haki yako."

"Sikucheki, bwana. Nimepumua, ndiyo maana. Kumbe unaogopa?"

Shekuwe akajipangusa majivu usoni, akasema, "Naogopa tangu siku ya kwanza. Nimenuia hata kukuacha, upate mwanamume hasa."

"Subhanallah! Na mimi kila ukigeukia ukutani namshukuru Mungu! Yule wa kwanza hakuniuliza lolote. Alikuwa na haraka kama wewe na udi huo. Tangu hapo nikiguswa hukakamaa. Ila nawe uliponigeuka, nikasema moyoni, huyu naye ameniona nina kasoro."

"Basi tunaogopa sote?"

"Sote. Na Bi Rukia katukalia mlangoni."

Shekuwe akafungua mlango.

"Loo! Uso gani huo? Mnafukiza au mnachoma mihogo?"

"Shikamoo, Bi Rukia. Nenda nyumbani kwa amani, na kesho usiulize."

"Na kigelegele changu je?"

"Kitunze."

Aliporudi ndani, Mwanasiti alikwisha kuyatenga makaa na udi ulioungua. "Keti," alimwambia. "Tuyaache yavae jivu." Wakaketi, wakaambiana yanayowatisha na yanayowatuliza. Shekuwe akaomba kuushika mkono wake, akapewa. Na siku ile hawakutaka zaidi ya hapo. Kesho yake vivyo hivyo. Fungate ikaisha bila kigelegele, watu wakanong'ona, nao wakaendelea kuzoeana. Mpaka mgeni akafika mwenyewe, pasipo kubishiwa hodi, nao wakashangaa walikuwa wakiogopa nini.

Siku moja Bi Rukia alikutana na Shekuwe sokoni, akashindwa kujizuia. "Je, mwanangu?"

Shekuwe akatabasamu. "Udi haupulizwi, Bi Rukia. Hungojewa."

Mama wa watu alielewa. Akatua kikapu chini, akapiga kigelegele pale pale mbele ya wauza samaki, na hakuna aliyejua cha nini. Tangu siku hiyo hakuuliza tena mlangoni mwa maarusi. Wote aliowafunda aliwapa maneno hayo tu: udi haupulizwi, hungojewa.

Mola awarehemu watatu hao, nanyi mliobaki awajaalie wenza wa kutulizana nao, awaondolee hofu, na awape ndimi za kuambiana ukweli. Amina.