Jembe Lisilorudishwa

Mhunzi mmoja alikuwa na wateja wakali. Aliitwa Senzota. Majembe yake yalikuwa meusi, yamejaa alama za nyundo, na dukani yalikuwapo ya ng'ambo yanayong'aa, tena ya bei rahisi. Hata hivyo watu wa mlimani walikwenda kwake. Msidhani ni kwa kuipenda nchi. Jembe la Senzota likipinda, ulimrudishia pamoja na maneno makali, mbele ya wanawe, naye aliinama, akavuta mvukuto, akalitengeneza. Kila lawama iliingia kwenye chuma, na jembe la mwaka uliofuata likawa bora zaidi.

Lakini Senzota alichoka kusemwa. Aliona majembe ya dukani hayalaumiwi na mtu, akayaonea wivu, maskini. Basi akayasugua ya kwake mpaka yakang'aa, akayagonga herufi za kigeni asizoweza kuzisoma mwenyewe, akayapeleka kwa mwenye duka. Yalinunuliwa yote. Msimu mzima hakuna aliyefika kugombana naye, na alimwambia mkewe kwamba sasa amekuwa fundi kweli.

Chuma cha mwaka ule kilikuwa kibovu. Hakujua, kwa kuwa hakuna aliyemwambia.

Masika yalipokaribia kwisha alipita shambani kwa Nakijwa, mjane aliyekuwa mteja wake tangu ujana. Nusu ya shamba ilikuwa pori. Mtaroni lilikuwamo jembe lililokatika, na Senzota aliitambua kazi ya mkono wake. Akamuuliza mbona hakumletea alitengeneze.

"Nikuletee wewe kwa lipi, Baba Mbazi?" alisema Nakijwa. "Hilo ni la ng'ambo, halina mwenyewe. Lingekuwa lako ningekuja kukutukana, na leo ningekuwa nimelima."

Senzota alikiri palepale kwamba ni kazi yake. Mama yule alimtazama kwa huruma, akadhani anamfariji tu. Mvua ilikatika wiki ile, na njaa ya Nakijwa ikawa imeshapandwa. Senzota alirudi kwake, akawasha moto, akakaa kungoja watu waje wamseme. Alingoja hadi msimu mwingine. Walikuwa wameshazoea kuyatupa majembe yaliyokatika.

Ndugu zangu, nanyi mnaoshukuru kwamba siku hizi hakuna anayewalalamikia, mna hakika gani kwamba bado yuko mtu anayewatumainia?