Masanduku Saba ya Daraja la Ndevu

Palikuwa na sultani aliyetaka aambiwe ukweli wote kuhusu reli yake, mradi ukweli huo usimuudhi. Jina lake Seyyid Mahfudhi bin Hilali, mtawala wa Mtapanga. Wapo wasemao aliitwa Mahfudhi bin Hamadi. Huyo alikuwa binamu yake, naye hakuwahi kuwa na reli wala adabu.

Reli ya Seyyid Mahfudhi ilitoka mjini ikaenda kwenye mashamba yake ya minazi. Mkandarasi alikuwa shemeji yake, Bwana Nassoro bin Shihabu, ambaye kabla ya hapo hakuwa amejenga hata banda la kuku. Gharama ilipanda mara tatu. Reli ilikatazwa kwenda moja kwa moja, ikazunguka kila kichuguu, kwa kuwa Bwana Nassoro alilipwa kwa urefu. Na siku ya kwanza gari la moshi lilipopita Mto Ndevu, daraja liliinama kama mtu anayetafuta kiatu, mabehewa mawili ya nazi yakaingia majini.

Watu walicheka. Sultani hakupenda. Akaagiza ukaguzi, tena ukaguzi huru, na akamteua Mhandisi Burhani bin Akida. Mhandisi huyu hakuwa na uhusiano wowote na Bwana Nassoro, isipokuwa alilala kwake, alikula kwake, na alikuwa amemposa binti yake.

Mhandisi Burhani alikagua, akarudi, akasoma taarifa yake barazani: daraja ni zima kabisa, na kosa la kuharibika kwake ni la nyapara wa vibarua, Mabruki bin Feruzi.

Sultani akaona hiyo ni taarifa ya mtu aliyesoma. Mabruki akatiwa minyororo, na hukumu ikatoka: atakaa kifungoni mpaka daraja linyooke.

Asubuhi iliyofuata mke wake, Siwema binti Chande, muuza mbaazi, aliingia barazani na mikono bado ina harufu ya tui.

"Shikamoo, Seyyid. Nimekuja kumchukua mume wangu."

"Mumeo ameharibu daraja langu."

"Daraja lipi, Seyyid? Mhandisi amesema ni zima."

Wazee wa baraza wakaanza kutazama vidole vyao vya miguu. Mhandisi Burhani akakohoa.

"Bibi, uhandisi si mambo ya jikoni."

"Kweli, bwana. Jikoni chungu kikivuja hatusemi ni kizima. Hebu nifahamishe, ulikagua reli yote?"

"Mwanzo hadi mwisho."

"Kwa gari la moshi?"

"Kwa machela."

"Ukabebwa na watu?"

"Wanne. Watu wenye nguvu, wapole sana."

"Na mlipofika mtoni?"

"Tukateremka, tukavuka kwenye maji."

"Daraja lipo, nanyi mkavuka majini?"

"Nilitaka kulitazama kwa chini."

"Ukaliona?"

"Maji yalinifika shingoni. Nililiona kiasi."

Seyyid Mahfudhi alijifunika uso kwa leso, mabega yakawa yanatikisika. Alipoitoa leso, alikuwa amekumbuka kwamba yeye ni sultani.

"Wewe mwanamke una mdomo. Basi sikiliza. Mumeo atapanda gari la moshi peke yake, avuke daraja hilo. Likizama, imethibitika alijenga vibaya, na habari yake imekwisha. Akivuka salama, daraja ni zima, nawe umemtukana mhandisi wangu. Mtafungwa wote wawili."

Baraza zima likasifu uadilifu wa Sultani. Mabruki, aliyekuwa ameketi sakafuni na minyororo yake, alimtazama mkewe kwa macho ya kumsihi anyamaze.

"Tumekubali, Seyyid," alisema Siwema. "Ila mume wangu ni mwembamba, mwenyewe unamwona. Daraja halipimwi kwa mtu kama huyu. Litatudanganya. Naomba kumuuliza Bwana Nassoro neno moja."

"Uliza."

"Bwana Nassoro, daraja lile lilikula fedha kiasi gani?"

"Masanduku saba," alisema Bwana Nassoro. "Yote yamezama mtoni, katika nguzo."

"Hakuna hata kidogo kilichobaki nyumbani?"

"Wallahi, hakuna hata rupia moja. Yote imo ndani ya Mto Ndevu tangu mwaka jana."

"Basi, Seyyid, tupate uzito unaolingana. Tupakie masanduku saba ya fedha yake Bwana Nassoro mwenyewe, kutoka kwenye ghorofa yake mpya. Daraja lililomeza saba haliwezi kushindwa kubeba saba. Na mwenye mali akae juu yake, asije akaibiwa njiani."

Sultani aliligeuza neno hilo kichwani, akaona ni tamu.

"Shemeji, unasemaje?"

Bwana Nassoro alikuwa amebadilika rangi. "Seyyid, hakuna haja ya majaribio."

"Daraja si zima?"

"Ni zima, Seyyid. Ila fedha ni nzito."

"Nzito kuliko gari la moshi?"

Bwana Nassoro akaanguka magotini. "Mwachie Mabruki, Seyyid. Hana kosa. Alikuwa akiomba mawe, mimi nikimpelekea mchanga."

Sultani akaashiria kwa kidole. Minyororo ya Mabruki ikafunguliwa pale pale, naye akasogea upande wa mkewe akiwa bado haamini.

"Taarifa ya ukaguzi nimeipokea," alisema Seyyid Mahfudhi. "Hata hivyo, masanduku yapakiwe. Nataka kuona."

Bwana Nassoro akamshika Siwema upindo wa kanga. "Bibi, mumeo umempata. Niombee kwa Seyyid. Fedha yangu itazama mtoni."

"Itazama mara ngapi, Bwana? Sasa hivi umeapa imo humo tangu mwaka jana."