Boksi Lililopauka

Kitendawili! Pacha wa tumbo moja, mmoja kavishwa hariri, mwenzake gunia. Wa hariri anaitwa ndani, wa gunia anaachwa mlangoni. Mji msinipe bado, sikilizeni kwanza. Wahenga walisema usimwone simba kanyeshewa ukamdhani paka, yaani ukipima kitu kwa sura yake ya nje, utajuta.

Palikuwa na fundi cherehani aliyeishi na mama yake katika chumba kimoja cha kupanga. Alishona sare za shule tangu asubuhi hadi shingo ikakakamaa kama kuni. Sare nyingine alizitia lebo ya duka kubwa, nyingine zilikwenda sokoni hivihivi, bila lebo. Mama naye alishikwa na kifua. Kikohozi kilimtikisa kama mlango mbovu kwenye upepo.

Daktari aliandika antibiotiki ya siku saba. Kwenye duka la dawa, mfamasia aliweka maboksi mawili mezani. Moja lilimeremeta kwa maandishi ya dhahabu, jingine lilikuwa jeupe, limepauka.

"Dawa ni ileile, dada," alisema. "Soma hapa kwenye herufi ndogo, jina ni moja. Hilo kubwa ni jina la biashara tu. Hili jeupe ni robo ya bei, na limekaguliwa vilevile."

Fundi akabetua midomo. "Rahisi ghali, kaka. Mama yangu si wa kujaribishiwa."

"Sawa. Utachukua dozi nzima?"

Fundi alipapasa pochi. Pesa zilitosha vidonge vya siku tatu. "Nipe hivyo. Nitamalizia Ijumaa nikilipwa."

"Dada, dozi ikikatwa, ugonjwa hurudi na ndugu zake!"

Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Akaondoka na hariri yake.

Mama alipata nafuu, hata akaanza kumtania bintiye kwamba anakoroma kuliko cherehani. Vidonge vikaisha. Ijumaa ikafika, tajiri anayempa kazi ya sare akasema, "Subiri wiki ijayo." Jumapili ugonjwa ukarudi kwa kishindo. Mama hakuweza kuinua hata kikombe cha maji.

Fundi aliketi ukingoni mwa kitanda, sare mapajani, amechoka hata machozi yamegoma. "Ile ya bei nafuu niliikataa, mama. Niliona haya kukupa dawa ya kimaskini."

Mama akavuta pumzi iliyokwaruza. "Mwanangu, sare ya duka kubwa na ile ya sokoni, nani huzishona?"

Fundi alimfunika mama shuka, akamshika mkono, wakaenda polepole kwa daktari, wakipumzika kila baada ya nyumba mbili. Daktari alimkaripia fundi, akaandika dawa ileile, safari hii siku kumi. Kwa pesa kidogo za kukopa, fundi alinunua boksi jeupe, dozi kamili, wala hakumtazama mfamasia usoni.

Siku ya kumi mama alimeza kidonge cha mwisho. Akavuta sare moja, akaanza kunyofoa nyuzi zilizobaki kwenye pindo. Kifua kilikuwa kimya.

"Na swali langu je, binti? Au umelishonea mfukoni?"

Fundi akasimamisha cherehani.

"Ni mimi, mama. Kitambaa kimoja, mkono mmoja, lebo tu ndiyo tofauti. Usimwone simba kanyeshewa ukamdhani paka."