Kwa Nini Mkia wa Mjusi Huota Tena

Tumpale, shusha ufagio huo, mwanangu. Najua ni siku yako ya kwanza kazini na unataka ofisi ing'ae, lakini mjusi aliye ukutani hafukuzwi. Nanyi wageni wengine sogezeni viti. Mimi ni tarishi wa ofisi hii tangu wengi wenu hamjazaliwa, na chai haijachemka bado, kwa hiyo muda tunao.

Zilikuwepo siku ambazo mjusi hakujua kupanda ukuta. Alitembea chini kama sisi, akaingia kwa mlango kama sisi. Wanyama walikuwa na serikali yao, na kila mtumishi alitambulika kwa mkia wake. Huna mkia, huna kazi, na mlangoni hupiti. Mtemi wao alikuwa Kifaru, mtu mwema, ila macho yake hayakuona mbali. Mambo mengi ilibidi asimuliwe.

Mjusi alikuwa mfagiaji wa chemchemi ya wote, na kazi hiyo aliipenda kupita kiasi. Mkubwa wake alikuwa Kenge. Sheria ya pale ilikuwa moja tu: maji ni ya kunywa, haogi mtu. Lakini kila adhuhuri, wenzake wakishajipumzisha kivulini, Kenge alijitumbukiza humo, akajisugua mgongo kwa jiwe huku anaimba. Watoto wa swala wakaanza kuumwa matumbo. Kenge, uso mkavu kabisa, akatangaza kwamba ni matunda mabichi wanayokula.

Mjusi alimwendea kwa adabu. "Shikamoo, mkuu. Maji haya wanakunywa watoto."

"Marahaba. Hivi wewe umeajiriwa kufagia majani au kunichunga mimi?"

Wenzake wakamshauri anyamaze. Ngiri, aliyekuwa akifagia naye, alimwambia, "Ndugu yangu, tazama mkia wako ulivyo mzuri. Uupoteze kwa sababu ya matumbo ya watoto wa wenzio?" Mjusi aliogopa, tusimpambe kwa ushujaa asiokuwa nao. Aliogopa hadi chakula kikamshinda. Lakini siku alipomwona mtoto wa swala amebebwa, shingo imelegea, alitupa ufagio akashika njia ya kwa Mtemi.

Kenge alimvizia njiani, akamkata mkia kwa meno. Alitaka kuumeza, ila mkia ule ukawa unarukaruka kooni, akautema na kuuficha kwapani. Kisha akatangulia barazani, na mlangoni akamwachia maagizo Nungunungu, bawabu: asiye na mkia asipite.

Mjusi alipofika, Nungunungu alimtazama kwa nyuma, akatikisa kichwa. Alimhurumia kweli, lakini amri ni amri. Mjusi akakaa chini, akalia. Alipochoka kulia akauangalia ukuta. Mlango alikatazwa, ila ukuta hakuna aliyeutaja. Akaweka kiganja, kikashika. Akaweka cha pili. Akapanda hivyo hivyo hadi darini, akaning'inia kichwa chini juu ya kiti cha Mtemi, akasema yote.

"Mwongo huyo!" Kenge akapaza sauti. "Mtumishi wangu mimi ana mkia. Huyu simjui kabisa!"

Basi kule kwapani mkia ukaanza kucheza. Kenge akajikaza. Mkia ukazidi kumtekenya. Akauma midomo, akakunja vidole vya miguu, mwishowe kicheko kikamponyoka, mkono ukainuka wenyewe, na mkia ukadondoka mbele ya Mtemi, ukirukaruka kama dagaa aliyetoka majini. Hata Kifaru aliuona. Wazee wa baraza walicheka mpaka wakashikana mabega.

Mtemi hakucheka. Alisimama, akatamka: "Mtumishi akisema kweli ili kuwanusuru wengine, kisha akanyang'anywa kitu kwa sababu hiyo, atarudishiwa. Wala asifukuzwe katika jengo lolote la umma, awe mlangoni, awe ukutani." Kenge akavuliwa ukuu, chemchemi ikazolewa tope, na watoto wa swala wakapona. Ule mkia wa kwanza ulikataa kushika, lakini siku si nyingi ukachomoza mwingine, mfupi kidogo na wa rangi tofauti. Mjusi akaenda nao kazini, akiupunga ili kila mtu auone.

Na tangu hukumu ile, mjusi hutembea kwenye kuta za ofisi mchana kweupe. Mkia wake ukikatika, hucheza kwanza peke yake kutoa ushahidi, halafu mwingine huota. Kenge naye akisikia nyayo za watu hukimbilia kichakani, hataki kuulizwa.

Mnacheka? Chekeni. Mwaka mmoja niliandika barua kuhusu dawa za wagonjwa zilizokuwa zikitoka kwa mlango wa nyuma. Wiki ileile nikaachishwa kazi. Niliumia sana, sitawaficha, na wenzangu wakaacha hata kunisalimia. Sheria ilinirudisha kwenye kiti hiki hiki baada ya miaka minne. Mkia wangu haukurudi kama ulivyokuwa, lakini upo, na barua zenu nyote ni mimi nitakayezipeleka.

Haya, Tumpale, chai imechemka. Na huyo hapo juu mwache, anasikiliza habari zake.